Mayai Bila Kuku

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ilianza saa kumi kamili, na mama mkwe akateremka kwenye gari saa kumi na robo. Nilimkimbilia na mwavuli, nikampokea begi, nikamshika mkono. Begi lilikuwa zito kuliko yeye. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa mama wa kujaza mlango.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mbele kumejaa sare za shule, huku nyuma ni kwangu. Mimi nikikasirika ni lazima niandike, la sivyo nitasema.

Leo nimekasirika kwa sababu ya kuku. Mama huyu amefuga kuku wa mayai miaka arobaini, basi nikaona heshima yake ni kuku. Nikachagua aliyenona, nikamkaanga vizuri, nikamwekea paja. Akalitazama kama aliyekutana na jirani wa zamani, kisha akasukuma sahani taratibu.

"Mwanangu, mimi na kuku tumemalizana."

"Nikukaangie samaki, Mama?"

"Na samaki pia."

"Basi maziwa ya moto."

"Na ng'ombe, mwanangu. Wote."

Mume wangu alikuwa anatazama dari kana kwamba inavuja. Alijua, na hakuniambia.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu amerudi kwenye ujenzi wa daraja, tutaonana Jumamosi hadi Jumamosi mpaka mvua ziishe. Ameniachia mama yake na maelezo ya nusu dakika mlangoni. Baba alipofariki, mama aliugua, akalazwa wiki tano. Huko hospitalini akaweka nadhiri: akiinuka, hatatia tena kinywani kitu kilichotoka kwa mnyama. Akainuka, na kuku wote akawagawa. "Sasa anakula nini?" nikauliza. "Ndiyo hivyo," akasema, akapanda pikipiki.

Mchana wifi yangu, yaani dada mkubwa wa mume wangu, akapiga simu. Wifi hazungushi maneno.

"Daktari anataka mama anenepe. Mvua zikiisha hajaongezeka, nakuja kumchukua. Kwangu atakunywa supu ya mifupa, nadhiri au si nadhiri."

"Sawa, wifi," nikajibu, tena haraka mno. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuhesabu wiki.

Alhamisi, 6 Machi

Uji usio na maziwa. Vijiko vinne.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempunguzia gauni. Nililishona mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita kwa kiuno cha tisini na mbili. Leo futikamba imesema sabini na nane. Nilipima mara mbili nikidhani nimeshika vibaya.

Jumanne, 11 Machi

Nilipokuwa nampima mabega nikamuuliza, ili tu nisikae kimya, kama kuna chakula anachokiota. Akacheka.

"Kipo. Ila ndicho kile kile nilichokikataa."

Akaeleza, nami nikasimama na futikamba shingoni mpaka akamaliza. Kila asubuhi yeye na marehemu baba mkwe walikuwa wanaokota mayai na kuyapanga kwenye trei. Yaliyopasuka hayakwenda sokoni, yalikwenda kikaangoni. Kitunguu, nyanya, mayai ya kuvuruga, mkate uliochomwa. Walikula humo humo kikaangoni, wamesimama, buti zina matope, huku wakibishana ni kuku gani mvivu.

"Miaka arobaini sijala yai zima," alisema. "Yangu yote yalikuwa na ufa."

Nimefikiria jambo hilo sare nne mfululizo. Yai kazi yake ni kushikanisha, na mimi pia kazi yangu ni hiyo hiyo. Haiwezi kunishinda.

Jumatano, 12 Machi

Jaribio la kwanza la mayai bila kuku. Wanga wa muhogo ndio unaosimamisha kola zangu, kwa nini usisimamishe mayai? Nikaukoroga na maji, manjano na kitunguu, nikaukaanga. Nikampelekea sinia chumbani, nikarudi kwenye cherehani. Baada ya dakika tano akaniita. Alikuwa ameinua kipande kwa uma, nacho hakikupinda hata kidogo.

"Fundi," akasema, "hiki ungekishonea bwana harusi."

Jumamosi, 15 Machi

Viazi vya kuponda na nyanya. Nimeacha sinia, nimerudi kushona. "Huyu kuku aliumwa," amesema. Vijiko viwili.

Jumanne, 18 Machi

Unga wa dengu! Rangi imekubali kabisa, ungeapa ni mayai. Ladha ndiyo imekataa. Una uchungu wa ubichi unaobaki nyuma ya ulimi.

"Hili la bata," amesema mama mkwe. "Tena bata aliyetukanwa."

Nimerudi kwenye cherehani nikicheka peke yangu, mteja aliyekuja kuchukua suruali akanitazama vibaya.

Jumamosi, 22 Machi

Kiuno sabini na sita. Mume wangu aliuliza mama anaendeleaje, nikamwonyesha futikamba, akashika tama.

Jumatano, 26 Machi

Nimegundua siri ya dengu. Unga ukae kwenye maji saa nzima kabla haujaona moto, uchungu unaondoka. Nimempelekea sinia, likarudi nusu. "Kuku anapata nafuu."

Alhamisi, 27 Machi

Sinia limerudi zima. Anasema hana hamu.

Ijumaa, 28 Machi

Limerudi zima. Mvua tangu alfajiri, nguo hazikauki.

Jumatano, 2 Aprili

Kliniki. Amepungua kilo mbili tangu aje kwangu. Muuguzi aliniuliza mimi, si yeye, "Huyu mama mnamlisha?" Nilitamani ardhi inimeze. Jioni wifi amepiga: hasubiri tena mvua ziishe, anakuja tarehe 12.

"Nimeshamtandikia kitanda," amesema.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilichelewa sokoni, na nilikuwa nimeacha mashati ishirini hayana vifungo, ya kukabidhiwa mchana. Niliporudi nilikuta yameisha. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti changu, miwani puani, anakata uzi wa mwisho kwa meno. Vifungo vimesimama mstari mmoja kama askari, kila kimoja kimezungushiwa uzi shingoni kisilegee. Mimi mwenyewe hiyo kazi ya kuzungushia uzi huwa nairuka.

"Nani alikufundisha, Mama?"

"Baba yenu alikuwa hawezi kukaa na kifungo wiki nzima. Tumbo lile!"

Akajivuta kurudi chumbani kwake, chumba cha binti yetu aliye shule ya bweni. Nimebaki na shati mkononi. Sitaki aende. Mwezi mmoja uliopita nilikuwa nahesabu wiki, na leo sitaki aende kulazimishwa supu na mtu anayemwita mkaidi. Nimeshaliandika, sasa siwezi kujifanya silijui.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefanya jambo.

Asubuhi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Napumzika kidogo kabla ya kuvaa hii nyingine." Nguvu za kuvaa kandambili mbili kwa mkupuo mmoja hana. Na wifi anakuja Jumamosi.

Nikaenda jikoni, nikakoroga dengu. Nyuma ya mfuko wa mchele kuna mayai ya mume wangu, huwa ninayaficha ili mama asiyaone. Nikasimama nikiyatazama. Nikajiambia ni dawa, na mgonjwa haombwi ruhusa ya kila dawa. Nikajiambia Mungu haangalii vikaango. Nilijiambia mengi, na nilikuwa najua yote ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha nikavunja moja, nikalikoroga ndani ya dengu mpaka likapotea.

Safari hii baada ya kumpa sinia sikurudi kwenye cherehani. Niliogopa. Nilitaka niuone uso wake atakapolitambua, niwahi kupiga magoti. Nikavuta kigoda, nikakaa miguuni pake.

Akachota kijiko cha kwanza, akatafuna.

"Enhe," akasema. "Huyu sasa kapona."

Akala. Akanimegea mkate wake. "Kula na wewe, unanitazama kama polisi." Nikala. Akanisimulia habari za kuku mmoja aliyekuwa anataga ndani ya buti la baba mkwe, la kushoto tu, na jinsi mzee alivyotoka siku moja kwenda msibani na yai limepasukia soksini. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka kweli, sikuwa najifanya. Sahani ikaisha. Akaifuta kwa mkate.

Nilipofika jikoni nililichukua ganda la yai, nikalifunga kwenye gazeti, nikalifunga tena kwenye kitambaa, nikaenda kulitupa pipa la mbali. Mwizi wa nguo kwenye kamba hajifichi hivyo.

Jumanne, 8 Aprili

Mawili. Nimekaa tena kwenye kigoda. Amemaliza yote.

Jumatano, 9 Aprili

Mawili, nami kigodani. Amevaa kandambili zote mbili akiwa amesimama. Mkunga mstaafu, jirani yetu, alipita kumjulia hali, na mama mkwe akamshika mkono na kumketisha.

"Jirani, mimi nimefuga kuku miaka arobaini, yai halijawahi kunidanganya. Hili la mkamwana wangu halina kuku, lakini ulimi wangu unabisha!" Akanielekezea kidole. "Nadhiri yangu nilikuwa nimeibeba peke yangu. Huyu ameshika upande mmoja."

Mkunga akanisifu. Nikaaga kwamba pasi iko motoni. Sikuwa nimeiwasha.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwambia.

Leo nilikaanga dengu tupu. Nikaingia na sinia, na kabla hajashika kijiko akafumba macho, akashukuru, akanitaja mimi kwa jina langu katika shukrani zake. Nikashindwa.

"Mama, yalikuwa mayai."

"Yapi?"

"Ya Jumatatu, na juzi, na jana. Mayai ya kuku. Niliyatia mimi."

Nilidhani atapiga kelele, na ningefurahi apige. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, ile ya kupokea trei bandani.

"Mangapi?"

"Matano."

"Matano," akarudia, akatikisa kichwa. "Na mimi nikamketisha mkunga ashuhudie." Akaliweka sinia chini. "Nenda, mwanangu."

Bado aliniita mwanangu, na hilo ndilo lililonimaliza. Nimeshona mikono miwili ya shati ikatoka ya kushoto yote.

Ijumaa, 11 Aprili

Tangu jana maji tu. Nimebisha hodi mara tatu, mara tatu amejibu "Sijambo" bila kufungua.

Mchana nilikuwa kwenye cherehani, nikainua macho, nikamwona mlangoni, ameshikilia mwimo kwa mkono mmoja. Nilitaka kuinuka, akanizuia kwa kiganja.

"Mungu nitaongea naye mwenyewe, ananijua," akasema. "Na ulimi wangu umezeeka. Limeniuma hilo, lakini umezeeka. Sikuja kwa hayo."

Mguu wangu ukaacha pedali.

"Siku tatu ulivuta kigoda ukakaa. Mwezi mzima unaniwekea sinia kama unamwekea mpangaji, halafu siku hiyo ukakaa. Nikasema moyoni, mkamwana amenizoea. Basi nikala, hata lingekuwa la bata ningekula." Akabadilisha mkono kwenye mwimo. "Kumbe ulikuwa unalinda yai."

Akageuka, akaenda zake akishika ukuta. Nimefungua kurasa hizi tangu tarehe 3 Machi. Nimeandika sinia, sinia, sinia, nimerudi kwenye cherehani. Hakuna mahali nimeandika kwamba nilikaa naye kula, ila zile siku tatu za uongo. Nimejichukia.

Jumamosi, 12 Aprili

Wifi alifika saa nne na viatu vya mvua, akapita moja kwa moja chumbani, akatoka mikono kiunoni. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu kama mtuhumiwa wa pili.

"Mama hajala tangu lini? Wifi, unamlisha nini hasa humu ndani?"

Nikafungua kinywa niseme kila kitu. Nilikuwa tayari kabisa, hata machozi yalishafika. Mama mkwe akatokea nyuma yake.

"Usimpigie mwenzio kelele. Tumbo langu lilivurugika Alhamisi. Kabla ya hapo nilikuwa namaliza sahani, kamuulize mkunga."

Kila neno lilikuwa kweli, na ndani yake hamkuwa na yai hata moja. Wifi akaenda kweli kwa mkunga, akarudi amepoa.

"Nipe mwezi," mama akamwambia.

"Mpaka tarehe 10 Mei, Mama. Si zaidi."

Gari lilipoondoka nikapiga magoti mbele ya kiti chake. "Asante, Mama. Umenisitiri."

"Sijakusamehe," akasema. "Sikutaka supu ya mifupa."

Jumapili, 13 Aprili

Saa moja asubuhi nilisikia kandambili zikija jikoni. Akavuta kiti, akaketi karibu na jiko.

"Sinia sitaki tena. Fungua mkebe huo."

Nikafungua. Akachovya kidole kwenye unga wa dengu niliouloweka alfajiri, akalamba. Akanusa mafuta. Akanifungulisha makabati. Akaniambia nigeuze mifuko ya aproni. Nikageuza, zikaanguka pini tatu na chaki. Nyuma ya mfuko wa mchele hapakuwa na kitu, mayai yote nilimpa mkunga juzi.

Nikamimina unga kikaangoni, nikaanza kukoroga kwa kasi. Akanipiga kofi dogo la mkono.

"Ndiyo maana linatoka kama pumba! Mayai huitwa ya kuvuruga, lakini hayavurugwi. Punguza moto. Ngoja pembeni pashike. Sasa sukuma, taratibu, kama unakunja kitambaa cha hariri. Achia. Sukuma tena."

Yakatoka makubwa, laini, yamekunjamana vizuri kati ya nyanya. Nikaleta mkate, tukala kikaangoni, yeye ameketi na mimi nimesimama. Hakuzungumza nami. Alikula robo. Nilikaa mpaka mwisho, mteja akagonga mlango wa mbele na akachoka kugonga.

Jumatatu, 14 Aprili

Amekagua. Amekula robo.

Jumanne, 15 Aprili

Amekagua, mifuko pia. Nusu. Nimezidisha chumvi, akasema "Kuku wa baharini." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza tangu Jumapili isiyo amri. Nimeiandika nisiisahau.

Jumamosi, 19 Aprili

Mume wangu ameamka na kumkuta mama yake ananusa chupa ya mafuta na mimi nimegeuza mifuko nje.

"Kuna nini hapa?"

"Namfundisha kazi," mama akasema.

Nilimweleza yote tulipotoka kwenda dukani. Kwenye kona ya pili akasema naye angeweza kulivunja yai lile lile, na kwamba mayai atakula huko huko darajani.

Jumatano, 23 Aprili

Amekagua. Tumebishana kuhusu kitunguu: mimi nakikata kinene, yeye anakitaka chembamba. Ameshinda. Nimeleta kigoda jikoni, nakula nimekaa.

Jumamosi, 26 Aprili

Kiuno sabini na saba. Sikumwambia mtu, nimemshonea mume wangu kifungo huku naimba.

Jumatano, 30 Aprili

Amekagua. Leo ameniuliza mama yangu alifariki akiwa na umri gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza hapa nyumbani. Nikamweleza mengi, dengu zikaungua upande mmoja, tukazila hivyo hivyo.

Jumamosi, 3 Mei

Kiuno sabini na tisa na nusu. Kliniki nao wameridhika, kilo tatu juu. Asubuhi kabla ya kwenda alikagua mkebe, mafuta na mifuko, kama kila siku. Kiuno kimeshaniamini, mwenye kiuno bado. Sina wa kumlaumu. Mimi mwenyewe nikiwa yeye ningekagua mpaka mwakani.

Jumanne, 6 Mei

Amekagua. Mvua zimekuwa za manyunyu tu.

Alhamisi, 8 Mei

Niliwasha jiko saa moja kasoro. Nikapanga kila kitu mezani wazi, kama ninavyofanya siku zote: mkebe wa dengu nimeuondoa kifuniko, chumvi, manjano, nyanya, kitunguu chembamba. Mifuko ya aproni nikaigeuza. Nikasubiri kandambili.

Kimya. Saa moja ikapita, na dakika kumi, na robo. Hajawahi kuchelewa tangu aanze kukagua. Nikafikiria kilo tatu za Jumamosi, nikafikiria mwili wake ulivyokuwa mwepesi siku ile ya mwavuli, nikafikiria mabaya. Nikaenda chumbani kwake karibu nikimbie. Kitanda kimetandikwa, hayupo.

Nilimkuta sebuleni dirishani, kwenye kiti changu cha kushonea, ameoga, ameweka miguu juu ya pedali, anatazama watu wakiruka madimbwi.

"Mbona kimya huko jikoni?" akasema. "Nina njaa."

"Nilikuwa nakusubiri, Mama. Uje ukague."

"Nikague nini?"

"Mkebe. Mafuta." Nikamwonyesha mifuko yangu iliyoning'inia nje kama masikio ya mbuzi.

Akaniangalia, kisha akanyoosha mkono, akairudisha ndani mifuko yote miwili, mmoja mmoja, na kuipigapiga ikae sawa.

"Wewe si upo?" akasema, akageukia dirisha. "Nenda kapike. Ikiwa tayari niite."

Nikaenda jikoni, nikapika peke yangu. Nilipomwita alikuja, akaketi, akashukuru kwa ufupi kwa sababu ya njaa, na akaanza kula bila kuangalia kilichomo.